Mali bila daftari katika zama za mtandao

Wahenga waliposema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, walikuwa wakimwasa mfanyabiashara asiyeandika anachouza na anachokopesha. Leo usia huo wawahusu watu wengi zaidi ya wenye maduka. Wawahusu madiwani, walimu wakuu, maofisa ugani, viongozi wa vyama vya ushirika, na kila mwenye habari ambayo wananchi wanaihitaji. Kwani siku hizi mwananchi wa Mlandizi au wa Maneromango anapotaka kujua jambo, mara nyingi haanzi kwa kwenda kusoma ubao wa matangazo nje ya ofisi ya kata. Huchukua simu yake, akaandika maneno mawili matatu, akangoja jibu. Kilichomo katika daftari la mtambo unaomjibu, hukipata. Kisichomo, kwake ni kama hakipo duniani.

Hapana budi basi tujiulize: daftari hilo huandikwaje, na mambo ya Kibaha na Kisarawe hufikaje humo? Wengi hudhani kwamba mtu akiuliza jambo katika simu, mtambo wa kutafutia hukimbia papo hapo ukaenda kupekua dunia nzima. La hasha. Wakati huo mtambo hauendi popote. Hufungua daftari lililokwisha kuandikwa kabla, ukasoma yaliyomo, ukayapanga na kuyaleta. Kazi kubwa ilifanyika zamani, mwulizaji akiwa amelala. Mwenye kulielewa jambo hili moja ataelewa pia kwa nini habari njema ya halmashauri yaweza kukaa mtandaoni mwaka mzima bila ya kuonwa na mtu hata mmoja.

Mkoa wetu wa Pwani si mgeni wa kazi ya kupanga maarifa. Kibaha ndipo palipoanzishwa, kwa mkataba wa mwaka 1963 baina ya Tanganyika na nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden, kituo kile cha elimu kilichokabidhiwa kwa Serikali yetu mwaka 1970, ambacho leo twakijua kwa jina la Shirika la Elimu Kibaha. Bagamoyo nako kuna chuo cha kufundishia ukutubi, kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Mwanafunzi wa chuo hicho anajua kwamba kitabu hakitupwi rafuni hivi hivi. Hupewa namba kwa kufuata somo lake, na jina la mwandishi, jina la kitabu na mada yake vikaandikwa katika orodha. Pasipo orodha hiyo, maktaba ni ghala la karatasi tu.

Lakini kuna tofauti moja kubwa kati ya maktaba na mtandao. Katika maktaba, kitabu huletwa mpaka mezani kwa mkutubi. Katika mtandao hakuna anayeleta kitu. Mtu yeyote, mahali popote, aweza kuweka ukurasa wake bila ya kumwarifu yeyote. Mkutubi wa mtandao hana budi kutoka mwenyewe akatafute.

Karani anayefuata njia

Majaribio ya kwanza ya kazi hiyo yalikuwa madogo. Mwaka 1990 Alan Emtage, mzaliwa wa kisiwa cha Barbados aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal, Kanada, alitengeneza programu iliyoitwa Archie. Kazi yake ilikuwa kukusanya majina ya mafaili yaliyowekwa wazi katika kompyuta za mahali mbalimbali, ili mtu asilazimike kuzipekua moja moja. Wavuti yenye kurasa na viungo ilipoenea miaka iliyofuata, orodha za kuandikwa kwa mkono zikawa hazifui dafu tena. Ndipo zikaja programu zinazotambaa zenyewe kutoka ukurasa hadi ukurasa.

Ili kuifahamu kazi ya programu hizo, na tukumbuke makarani wa Sensa ya mwaka 2022 waliopita nyumba kwa nyumba. Sasa tumfikirie karani asiye na ramani wala orodha ya kaya. Amepewa nyumba chache tu za kuanzia. Akifika katika nyumba ya kwanza huandika yote anayoyaona, kisha huuliza, "Jirani zenu ni akina nani?" Huyaandika majina yao katika orodha ya safari, akaenda huko, akauliza tena. Kwa mtambo, jirani ni kiungo, yaani yale maneno ambayo mtu akiyagusa hupelekwa kwenye ukurasa mwingine. Ukurasa mmoja ukitaja ishirini, na kila mmoja kati ya hiyo ukataja ishirini mingine, safari hukua upesi mno. Kampuni ya Google ilieleza kwamba daftari lake la kwanza la mwaka 1998 lilikuwa na kurasa milioni 26, na kwamba ilipofika mwaka 2008 mitambo yake ilikwisha kuona anwani trilioni 1 zilizo tofauti. Si zote zilizoingizwa katika daftari, kwani nyingi zilikuwa nakala za nyingine au hazikuwa na maana.

Jambo la kuzingatia hapa ni hili: nyumba isiyotajwa na jirani yeyote, karani haifiki. Ukurasa wa shule uliowekwa mtandaoni, lakini usiotajwa na tovuti ya wilaya, wala ya mkoa, wala ya gazeti, ni kama nyumba iliyojengwa katikati ya msitu wa Kazimzumbwi pasipo njia ya miguu. Wenyewe wanaishi humo kwa raha zao, lakini mgeni hajui kama ipo.

Ipo njia ya pili ya kumsaidia karani, nayo ni kumkabidhi orodha ya kurasa zote za tovuti. Orodha hiyo huitwa ramani ya tovuti. Utaratibu wake ulitolewa na Google mwaka 2005, na mwaka uliofuata Yahoo na Microsoft wakakubali kuufuata. Kadhalika mwenye tovuti aweza kuweka mlangoni faili dogo liitwalo robots.txt, la kumwambia karani wapi apite na wapi asipite. Utaratibu huo ulibuniwa na Martijn Koster mwaka 1994, na ukafanywa kuwa kanuni rasmi mwaka 2022. Lakini yafaa ieleweke kwamba faili hilo ni kama hodi na karibu: mgeni mstaarabu huliheshimu, mwizi hupita tu. Nyaraka za siri zisiwekwe mtandaoni kwa kutegemea kinga hiyo.

Zaidi ya hayo, kuna nyumba ambazo karani huyu hafunguliwi kabisa. Hawezi kuingia katika makundi ya WhatsApp. Hawezi kujaza fomu wala kutoa neno la siri. Hapa ndipo penye hasara yetu kubwa. Habari ngapi za vijiji vyetu, tangu bei za mihogo na korosho, ratiba za kliniki, hadi mikutano ya hadhara, hupita katika makundi hayo kila siku, zikasomwa na watu mia mbili, kisha zikazama? Mwanakijiji asiyekuwamo katika kundi hatazipata leo, na mjukuu wake hatazipata kesho.

Faharasa

Karani akirudi na mzigo wake, kazi ya pili huanza, nayo ni kutengeneza faharasa. Msomaji amekwisha kuona faharasa nyuma ya vitabu vya shule: neno, na mbele yake namba za kurasa. Faharasa ya mtambo ni hiyo hiyo, ila imefanywa kwa kila neno la kila ukurasa.

Tuchukue kurasa tatu za mfano. Wa kwanza una maneno "Bei ya korosho Kisarawe". Wa pili, "Nafasi za kidato cha kwanza Kibaha". Wa tatu, "Miche ya korosho Kibaha". Mtambo utaandika hivi: korosho, ukurasa wa 1 na wa 3, Kibaha, ukurasa wa 2 na wa 3, Kisarawe, ukurasa wa 1. Mkulima akiuliza "korosho Kibaha", mtambo hausomi tena kurasa zote. Hutazama orodha hizo mbili tu, ukaona kwamba ukurasa wa 3 ndio uliomo katika zote mbili, ukauleta. Kurasa ziwe tatu au mabilioni, kanuni ni ile ile, na ndiyo sababu jibu huja kwa muda mfupi kuliko wa kupepesa macho.

Si kila neno lina uzito sawa. Maneno kama "ya", "na" na "kwa" yamo karibu katika kila ukurasa wa Kiswahili, hivyo hayasaidii kutofautisha. Bibi Karen Spärck Jones wa Uingereza alieleza kanuni hii mwaka 1972, kabla wavuti haijazaliwa: kadiri neno linavyopatikana katika maandishi machache, ndivyo linavyostahili kupewa uzito. Kwa hiyo tangazo linalosema tu "Wananchi wote mnaarifiwa kuhusu zoezi hilo muhimu" halimwambii mtambo lolote. Lakini linalosema "Ugawaji wa miche ya korosho, kata ya Maneromango, wilaya ya Kisarawe" limejitambulisha lenyewe.

Sasa tuangalie desturi iliyoenea katika ofisi nyingi. Tangazo huandikwa kwa kompyuta, huchapwa, husainiwa, hupigwa muhuri, kisha hupigwa picha, na picha hiyo ndiyo huwekwa katika tovuti. Kwa jicho la mtu yale ni maandishi. Kwa mtambo ile ni picha, kama picha ya mbuyu. Kweli, mitambo mikubwa siku hizi hujaribu kuyasoma maandishi yaliyomo ndani ya picha, lakini karatasi ikiwa imepinda, muhuri ukiwa umefunika tarehe, au wino ukiwa umefifia, herufi hukosewa na neno likapotea. Ofisi iliyokuwa na maandishi safi imeyageuza kwa mikono yake yenyewe kuwa kitendawili.

Lugha yetu nayo ina tabia zake. Wataalamu wa kwanza wa kazi hii walikuwa wakishughulika na Kiingereza, lugha ambayo maneno yake hubadilika zaidi mwishoni. Mwaka 1980 Martin Porter wa Uingereza alitoa kanuni mashuhuri za kukata mikia ya maneno ili neno na ndugu zake wahesabiwe pamoja. Kiswahili hubadilika sana mwanzoni: kiwanja na viwanja, mkulima na wakulima, analima na tulilima. Ukikata mkia wa "viwanja" hutapata "kiwanja". Mitambo ya leo imejifunza mengi kwa kusoma maandishi mengi, lakini kujifunza huko hutegemea wingi wa maandishi yenyewe, na Kiswahili kilichoandikwa mtandaoni ni kidogo mno kikilinganishwa na watu wanaokisema. Wenye kuandika wanaweza kusaidia kwa kutumia umoja na wingi katika habari moja.

Majina ya mahali pia yana mitego. Maneromango huandikwa na wengine Manerumango, na mtambo usiofundishwa huona mahali pawili. Neno "pwani" ni jina la mkoa wetu, lakini pia ni ufuo wowote wa bahari, na majirani zetu wa Kenya huliita hivyo eneo lao la Mombasa. Kisarawe ni wilaya yetu, lakini kuna na kata iitwayo Kisarawe II, nayo imo Kigamboni, katika Mkoa wa Dar es Salaam. Mtu atafutaye "viwanja Kisarawe" aweza kuletewa viwanja vya Kigamboni, akapiga simu, akatuma arubuni, ndipo agundue kwamba alichonunua hakipo alipopataka. Jina kamili la mahali, yaani kata, wilaya na mkoa, ni kinga ya fedha za watu.

Nani atangulie

Baki ya kazi ni kupanga. Kurasa elfu moja zikiwa zina maneno yaliyoulizwa, upi uwe wa kwanza? Swali hili si la kitaalamu tu, bali ni la haki, kwa kuwa watafutaji wengi husoma majibu ya juu wakaishia hapo. Mwaka 1998 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, Larry Page na Sergey Brin, walitoa jibu lililoleta mabadiliko makubwa. Walisema kila kiungo kihesabiwe kuwa ni kura, lakini kura zisilingane. Ukurasa unaotajwa na wengi una uzito, na ukiutaja mwingine, uzito huo humwagikia yule aliyetajwa. Ni kama ushahidi wa barazani: neno la mzee anayeaminiwa na kijiji kizima halilingani na la mpita njia.

Tangu hapo vigezo vingine vingi vimeongezwa: mahali alipo mwulizaji, lugha anayotumia, upya wa habari, wepesi wa ukurasa kufunguka katika simu. Lakini msingi wa kutajwa na wanaoaminika ungalipo. Na kwa kuwa nafasi ya juu ni mali, wapo wanaoitafuta kwa hila. Hutengeneza kurasa tupu zenye kutajana zenyewe, au hujaza maneno yanayotafutwa sana pasipo habari yoyote nyuma yake. Wengine hulipia tangazo, nalo huwekwa juu likiwa na alama ndogo ya kuonyesha kwamba limelipiwa.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko hili jipya, chema kisichotembezwa hukaa mvunguni, na kibaya kilichojitembeza hukaa barazani. Tapeli wa viwanja, au wa nafasi za kazi za uongo katika bandari kavu ya Kwala, ana wakati wa kutosha wa kujipanga ili aonekane. Ofisi ya halali isipojipanga, imemwachia uwanja.

Yapasayo kutendwa

Hatusemi haya kwa kukata tamaa. Waya wa bahari wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, mlango mpana wa mtandao ulifunguliwa kilomita chache tu kutoka kwetu. Mwaka 2017 Serikali ilizindua tovuti za mikoa na halmashauri zenye muundo mmoja, na mwaka 2019 Sheria ya Serikali Mtandao ikaunda Mamlaka ya kusimamia kazi hiyo. Nyumba zimekwisha kujengwa. Kilichobaki ni kuchonga njia za kuziunganisha, na kazi hiyo haihitaji fedha nyingi wala wataalamu kutoka ng'ambo.

Kwanza, kila tangazo liwekwe kwa maandishi, kwa Kiswahili sanifu, likiwa na kichwa kinachotaja jambo, mahali na mwaka. Picha yenye muhuri iwekwe chini yake kama ushahidi. Pili, tovuti zetu zitajane. Mkoa uzitaje halmashauri. Halmashauri zizitaje shule, zahanati na vyama vya ushirika. Shirika la Elimu Kibaha na kituo cha utafiti wa miwa kilichopo Kibaha vitajwe na vyenyewe vitaje. Tovuti inayofikiri kwamba kuitaja nyingine ni kuifanyia hisani, haijaelewa kwamba njia ya miguu hupitiwa na pande zote mbili. Tatu, anwani ya ukurasa isibadilishwe ovyo. Kila inapobadilishwa bila ya kuacha maelekezo, njia zote zilizokuwa zikielekea pale hukatika, na karani akirudi hukuta gofu.

Nne, shule zetu zishiriki. Kamusi elezo huru ya Wikipedia kwa Kiswahili imekuwapo tangu mwaka 2003, nayo hupokea makala ya mtu yeyote aandikaye kwa ushahidi. Wanafunzi wa Minaki na wa Kibaha wakiandika, chini ya uangalizi wa walimu wao, habari za kata zao, mito yao, misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, na udongo mweupe wa kaolini uliomo katika vilima vya Pugu, watakuwa wamefanya zoezi la lugha, la jiografia na la uraia kwa mpigo mmoja.

Na mwananchi anayetafuta naye ana wajibu. Aandike jina kamili la mahali. Asiridhike na jibu la kwanza kwa kuwa ni la kwanza. Aangalie kama ni tangazo la kulipiwa. Akitafuta habari za Serikali, atazame kama anwani inaishia na go.tz, kwani anwani hizo zimetengwa kwa ajili ya vyombo vya Serikali. Kuuliza si ujinga, lakini kuamini kila anayejibu ni hatari.

Jambo hili lina haraka kuliko lilivyokuwa miaka michache iliyopita. Tangu mwaka 2024 mitambo mikubwa imeanza kutoa katika nchi nyingi jibu lililotungwa na mashine yenyewe, bila ya mwulizaji kufungua ukurasa wowote. Mashine hiyo haitungi kutoka hewani. Hutegemea yaliyoandikwa na kukusanywa. Mtoto wa Kisarawe akiuliza habari za msitu ulio nyuma ya nyumba yao, atajibiwa kwa maneno ya yule aliyeuandika, awe mtafiti wa nchi za mbali au mfanyabiashara wa utalii. Sauti ya wazee wanaoujua msitu huo kwa majina ya miti yake haitakuwamo, ikiwa hakuna aliyeiandika mahali ambapo karani anafika.

Daftari la dunia linaandikwa kila siku, usiku na mchana, nalo halitusubiri. Karani hana chuki na Kibaha wala hana upendeleo kwa miji mingine. Hufuata njia zilizopo na kuandika anachokikuta. Njia ni zetu kuzichonga, na maneno ni yetu kuyaandika.